Namba Ishirini na Nne, Namba Ishirini na Saba

Mimi nauza jozi.
Kiboriloni, asubuhi, belo likipasuliwa,
mkono wangu unajua kabla ya jicho:
hiki cha kushoto, cha kulia kiko wapi?
Kiatu kisicho na mwenzake ni hasara.
Nakitupa chini ya meza, nakisahau.

Kisha akaja Ndeshi na mguu wake wa kushoto
unaokanyaga kwa ncha,
kisigino hakijui vumbi,
shavu la mguu limekaza kama kamba
iliyoloa mvua ikakaukia juani.

Miaka mitatu nilimbeba.
Nilidhani ndiyo mapenzi.
Bi Eliaika wa chumba cha mazoezi
alinitazama nikimshusha kwenye mkeka wa bluu,
akasema, bila ukali:
"Baba Ndeshi, naona mguu wake wa kushoto ni wewe.
Sasa chukua likizo."

Nikajifunza kutomsaidia.
Sijawahi kubeba belo zito kama hilo:
kukalia mikono yangu miwili
wakati kifungo kimoja cha sweta
kinakula robo saa,
chai inapoa,
mama yake anageukia ukuta,
kifungo kinachungulia tundu, kinaponyoka,
kinachungulia tena.

Gunia la viatu vya watoto
ndilo farasi wake; analipanda kwa tumbo,
viganja vinatafuta sakafu.
Vibanio vya nguo anavibana ukingoni mwa sufuria,
kimoja, kingine, ulimi nje kwa bidii.
Maharage anayahamisha punje kwa punje,
toka bakuli la kijani hadi kopo la maziwa.
Siku nyingine anayamwaga yote na kucheka,
nasi tunayaokota usiku kwa tochi ya simu,
maana ndiyo mboga ya kesho.

Jirani alisema tumpeleke kwenye mkesha.
Tulimpeleka. Aliimba vizuri.
Jumatatu tukarudi mazoezini.

Ndipo likaja banzi:
plastiki nyeupe iliyofinyangwa kwa umbo la mguu wake,
mikanda miwili, harufu ya kitu kipya.
Halikuingia katika kiatu chake hata kimoja.
Bi Eliaika akapima kwa futi ya fundi cherehani:
kulia, namba ishirini na nne;
kushoto, pamoja na banzi, ishirini na saba.
Nikacheka pale pale, kicheko kibaya.
Mimi, muuza jozi.

Usiku ule nilivunja jozi mbili kwa mkono wangu.
Raba nyekundu, ingawa moja nyekundu ya damu
na moja nyekundu ya nyanya iliyoanza kuchoka.
Zilizobaki sikuzitupa.
Nilizifunga pamoja kwa kamba zao:
ishirini na saba kulia, ishirini na nne kushoto,
raba za mtoto nisiyemjua.

Nikazitembeza wiki saba, ndani ya mfuko wa rambo,
hadi siku ile kwenye benchi la kliniki
mama mmoja aliyetoka Mwanga alfajiri
na mwanawe, Senkondo,
banzi mguu wa kulia, juu yake soksi ya mtu mzima.
Sikumsalimu vizuri. Nilimuuliza:
"Namba ngapi?"

Hazikumtosha.
Yeye ishirini na sita, ishirini na tisa.
Basi nikarudi kwenye belo, nikavunja nyingine,
na nyingine, na wenzangu sokoni
wanauliza kama nimechanganyikiwa,
meza nzima imejaa viatu vilivyoachana.
Nawaambia ndiyo, wateja wangu ndivyo walivyo.

Jana nilikuwa nimeinama, napanga.
Nyuma yangu Ndeshi aliachia ukingo wa meza.
Nilisikia kabla ya kuona:
ncha, ncha, ncha,
halafu, mara moja tu, kisigino.
*Ko.*

Sikugeuka. Niko likizo.
Nilisubiri kusikia tena, nikasubiri,
na raba mkononi, sijui ya mguu upi.

Sweta lina vifungo vitano.
Tuko cha pili.